Aliyeshika Mwavuli

Segese,
22 Julai 2024

Mama Paschal, shikamoo.

Najua utashangaa kupata bahasha yangu baada ya mwaka na nusu wa kimya. Kwanza pole na macho. Paschal aliniambia umefanyiwa upasuaji na simu huigusi, ndiyo maana nimeandika kwa kalamu nene kama mtoto wa darasa la pili. Bahasha nitampa kondakta wa basi la asubuhi, ataiacha kwa wakala wa mizigo hapo stendi ya Ushirombo.

Mimi sijambo. Nina studio yangu sasa, chumba kimoja karibu na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Vumbi linaingia hadi kwenye lenzi, lakini wateja wapo. Wachimbaji wakishuka kwenye duara wakapata kitu, cha kwanza nyama, cha pili picha.

Humo ndani nimekuwekea picha nne nilizosafisha Kahama. Ni jubilei ya ndoa, miaka hamsini, ya Mzee Ngassa na Mama Coletha wa hapa hapa Segese, tarehe 13, ukumbi wa parokia. Watoto wao saba wote walikuja, hadi anayekaa Mtwara. Hiyo kubwa ndiyo ya familia, wanataka kuitia fremu waitundike ukutani. Angalia mwanga ulivyokaa kwenye nyuso. Ni flashi moja tu kwenye mwavuli mweupe wa kutawanya mwanga, upande wangu wa kushoto. Yote nimejifunza kwenye video, bando la saa moja kila jioni. Kuna kijana anafundisha kwa Kiswahili, hatua kwa hatua: nguvu ya flashi kiasi gani, mwavuli futi ngapi kutoka kwa mtu. Wewe uliniweka studioni kwako miezi minne nashika mwavuli bila kugusa kamera, yeye wiki mbili tu nikawa napiga. Usikasirike, nakutania, ingawa kweli ndiyo hiyo.

Nina swali dogo. Mtu akipigwa flashi uso ukatoka mweupe mtupu, hauna pua wala mdomo, kuna namna ya kuurudisha? Ni la kujifunza tu, si picha ya mtu fulani.

Mwanao,
Vumilia Ndaki


Ushirombo,
27 Julai 2024

Vumilia, marahaba.

Jicho moja linaona, la pili bado lina bandeji. Kwako moja linatosha.

Picha si mbaya. Sikutarajia, nasema kweli. Kivuli cha pua kiko mahali pake, na kitenge cha Mama Coletha kinaonekana hadi mshono. Huyo kijana wa kwenye video mwambie nimempa heko.

Ila umeandika watoto saba. Nimehesabu mara tatu, nikadhani ni jicho, nikamwita Paschal naye akahesabu. Wako sita. Wa saba yuko wapi?

Uso ulioungua na mwanga haurudi. Ukishatoka mweupe mtupu, hapo hakuna kilichobaki cha kurudishwa, ni karatasi. Kama ni picha ya mtu, kampige tena. Na kama si picha ya mtu, umeuliza ya nini?

Habari ya miezi minne tutaizungumza ukishanijibu hayo.

Scolastika, Mama Paschal


Segese,
3 Agosti 2024

Mama Paschal, shikamoo. Afadhali hilo jicho moja.

Wa saba ni kitinda mimba wao, anaitwa Elieth, mwalimu wa shule ya msingi kule Ibadakuli. Ni mtu mwenye ualbino. Hayumo kwenye picha kwa sababu mwenyewe aliomba anisaidie kushika mwavuli. Mchana ule kulikuwa na upepo na stendi yangu ya kuusimamishia ni nyepesi, unajua mwenyewe mwavuli ukishashika upepo. Halafu nadhani hapendi picha. Mwanga unawaumiza macho. Alikuwa anacheka muda wote na hakuna aliyelalamika.

Picha sijawapa bado. Mama Coletha ameshapita hapa mara mbili. Jana kaniambia mzee amelazwa, ni presha, na kila siku anaziulizia. Nikamwambia mashine ya kusafishia imeharibika huko Kahama. Si kweli, lakini nataka kwanza niziweke sawa. Ipo video inaonyesha namna ya kumkata mtu kwenye picha moja na kumbandika kwenye nyingine, nimeiangalia kama mara kumi na moja. Nikiiweza, familia itakuwa imetimia na hakuna atakayejua.

Unasemaje?

Vumilia


Ushirombo,
9 Agosti 2024

Vumilia,

Leo marahaba utaifuata mwenyewe huku.

Upepo gani ndani ya ukumbi? Nyuma ya Mzee Ngassa naona ukuta, naona pazia, na pazia limetulia tuli. Binti yangu, ukitaka kunidanganya usinitumie na ushahidi.

Nimemwomba Paschal anitafutie ile lenzi ya kukuzia niliyokuwa nakagulia negativu za filamu. Mzee amevaa miwani. Kwenye kioo cha miwani kuna mwavuli wako, na chini ya mwavuli kuna mtu amesimama, ameinua mikono yote miwili. Ni mdogo kama punje ya mtama, nywele zake zinang'aa. Nakuonya kabla wazo halijakujia: usije ukathubutu kumwambia huyo dada kwamba naye yumo, yumo kwenye miwani ya baba yake. Huko si kuwemo.

Na kubandika acha. Utambandika kutoka picha ipi? Kama ipo picha yake, ni hiyo yenye uso usio na pua wala mdomo uliyoniulizia. Nakujua.

Wapelekee picha zao leo hii, zilivyo. Mgonjwa anaziulizia, wewe unaangalia video. Kisha nitumie memori kadi, usifute hata moja, na uniandikie kilichotokea. Kilichotokea kwa flashi nimeshakiona. Nataka kilichotokea kwa mtu.

Scolastika


Segese,
18 Agosti 2024

Mama Paschal,

Mzee Ngassa amefariki. Barua yako ilinifika tarehe 12 jioni, yeye alikuwa ameondoka tarehe 11 asubuhi. Kazikwa tarehe 14. Nilikwenda, nikasimama mwisho kabisa, nyuma ya magari.

Picha sikuwahi kuwapelekea. Lusia, binti yao wa pili, alikuja studio siku ya msiba akasema wanahitaji ile ya familia waiweke kando ya jeneza. Nikaitoa kwenye droo nikampa. Hakuuliza kuhusu mashine ya Kahama. Ikawekwa pale, wazazi wawili na watoto sita, na Elieth amekaa kwenye mkeka mbele yake na kofia yake pana. Kila aliyepita kutoa heshima alitazama picha, kisha akamtazama yeye.

Nilivyofanya ni hivi. Kabla sijawapanga watu, mzee aliniita akasema, "Mpiga picha, huyu Elieth akae kulia kwangu. Wengine wakae watakavyo." Nikamkalisha. Nikapiga ya kujaribu kwa vipimo vya kwenye video. Wote wakatoka vizuri, Elieth akatoka mweupe mtupu na macho kafumba. Nikapunguza nguvu ya flashi. Elieth akaonekana, wengine wakazama, mzee na mama wakabaki meno na kola. Nikaongeza, nikapunguza, nikaongeza. Kwenye video yule kijana alikuwa na mtu mmoja kwenye kiti. Hakusema ukiwa na watu wa rangi mbili unafanyaje, na mimi sikuwa na mtu wa kumuuliza. Padri alikuwa anasubiri kubariki chakula, watu wameanza kuguna, jasho linanitoka. Nikasema, "Dada Elieth, njoo unishikie mwavuli, stendi inalegea." Haikuwa inalegea. Akaniangalia kidogo, akacheka, akaja akaushika kwa mikono miwili. Lusia akahamia kwenye kiti chake.

Hilo mtu angesema ni ugumu wa kazi. La pili sijui niliite nini. Mzee macho yake yalikuwa yameshafifia, na flashi zangu zilikuwa zimemtia kiwi. Akauliza, "Elieth yupo?" Nilijibu mimi. Nikasema, "Yupo hapa hapa, mzee." Nikapiga.

Baada ya hapo nilikula pilau yao, Mama Paschal. Na nyingine nikafungiwa ya kwenda nayo nyumbani.

Nina aibu mpaka mikono haitaki kamera. Juzi nimemrudisha mteja wa picha za pasipoti, nikamwambia umeme hakuna, na taa inawaka juu ya kichwa chake. Memori kadi imo humu.

Vumilia


Ushirombo,
22 Agosti 2024

Binti yangu Vumilia,

Nimeziona kwenye kompyuta ya Paschal, zote kumi na saba. Nilikuwa nimejiandaa kukufokea. Nimeshindwa, kwa sababu na mimi ninayo ya kwangu.

Mwaka 1998 nilipiga Komunyo ya Kwanza hapa misheni. Watoto thelathini na mmoja. Mmoja alikuwa na ualbino, anaitwa Paskalina. Siku hizo tulikuwa na neno letu baya, silirudii. Nilimweka mwisho wa mstari makusudi. Picha zilipokuja kutoka kusafishwa nikaona ametoka doa jeupe, nikachukua mkasi. Nikamkata. Nakala thelathini na moja, moja baada ya nyingine, nimekaa kwenye kigoda changu naimba. Mama yake alikuja kuchukua ya kwake, akaitazama, akasema ahsante, akaondoka. Sikumfuata, wala sikumtafuta mwaka ule wala mwingine.

Miezi minne uliyoshika mwavuli nilikuwa nakufundisha kitu nilichojifunza baada ya mkasi ule. Lakini sikukwambia ni kitu gani wala kwa nini. Nilikuacha usimame tu, mkono unakuuma, mimi naona ndiyo kufundisha. Ulipokimbilia video nikanuna, na sikuwa na haki ya kununa. Hilo kosa ni langu, naliandika kwa wino.

Na sasa jambo litakalokuuma, bora ulisikie kwangu. Mwavuli wako ulikuwa kushoto kwako. Kulia kwa mzee ndiyo kushoto kwako. Kwa hiyo mweupe kuliko wote ulimkalisha karibu na mwanga kuliko wote. Ungebeba mwavuli ukauhamishia upande wa pili, basi. Dakika mbili, na mzee angekaa na mwanawe.

Fanya kazi sasa. Chukua sahani nyeupe ya bati yenye maua na sufuria ya kuni yenye masizi, uviweke mezani pamoja. Piga mpaka upate picha moja ambayo maua yanaonekana na mabonyeo ya sufuria yanaonekana. Cheusi kiwe karibu na mwavuli, cheupe mbali. Halafu uzungushe mwavuli kidogo kidogo uelekee sufuria, hadi sahani iguswe na ukingo wa mwanga tu. Video haitakwambia ni kidogo kiasi gani, kwa kuwa haijui meza yako. Mkono ndio utajua. Na mtu wa macho yanayoumia unamwambia afumbe, unahesabu moja mbili tatu, anafumbua, unapiga. Mara mbili, basi. Si kumi na saba.

Ukiweza sahani, mwandikie Elieth. Mwambie yote mawili, la stendi na la "yupo hapa hapa." Msamaha usiuombe kwa haraka. Mfiwa akiombwa haraka hutoa ili aachwe apumzike.

Scolastika


Segese,
15 Septemba 2024

Dada Elieth, shikamoo. Pole tena na msiba.

Mimi ni Vumilia, niliyepiga picha za jubilei ya wazazi wako. Namba yako ninayo, Lusia alinipa, lakini nimeona aibu kukusemesha kwa simu nikasikia unavyonyamaza. Ndiyo maana naandika.

Siku ile nilikwambia stendi inalegea. Ilikuwa nzima. Nilikuondoa kwenye kiti kwa sababu sikujua kuupanga mwanga ili wewe na wenzako mtoke pamoja, na badala ya kusema sijui, nikakupa mwavuli. Baba yako alipouliza kama upo, nilimjibu kwamba upo. Nilijua anauliza nini. Halafu nilimdanganya mama yako kuhusu mashine ya Kahama, nikakaa na picha wiki tatu nikitafuta namna ya kukubandika usijue, na mzee akaondoka bila kuziona. Hayo yote ni yangu, hakuna mwingine.

Baadaye aliyenifundisha kazi aliniambia mwavuli ungehamishiwa upande wa pili tu. Dakika mbili. Tangu siku hiyo, wiki tatu hizi, napiga sahani na sufuria, hadi mama mwenye nyumba ameniuliza kama nimeanza biashara ya vyombo. Sasa naweza. Nimewapiga na watu, kina mama wawili wa sokoni, mmoja ana ualbino kama wewe, na wametoka wote wawili. Nimechelewa kuliweza, hilo najua.

Sikuombi jibu. Kama siku moja utataka picha na mama yako, nitakuja na vyombo vyangu popote utakaponiambia.

Vumilia Ndaki


Ibadakuli,
24 Septemba 2024

Vumilia, marahaba.

Barua yako nimeisoma shuleni wakati wa mapumziko, nikairudia nyumbani. Umeandika kwa herufi kubwa. Macho yangu yanashukuru, hata kama mengine ndani yake yamenichoma.

Nilijua stendi haijalegea. Nilikuwa naitazama. Mtu kama mimi anajua anapoondolewa mahali, hata akiondolewa kwa adabu. Nilicheka kwa sababu ilikuwa sherehe ya wazazi wangu, sikutaka iwe sherehe ya kunigombania mimi. Nikafikiri ni picha moja tu, halafu zamu yangu itafika. Ukafunga begi ukaenda kula.

Kuna jambo hukulijua. Sina picha na baba yangu, hata moja. Miaka ile ya mauaji, watu wa rangi yangu walipokuwa wanawindwa huku kwetu, nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alinipeleka shule ya bweni, na akaichoma hata picha yangu ya ubatizo. Alisema picha inatembea kuliko mtu, na mwenye nia mbaya akiiona atajua nipo. Kipaimara sikupigwa. Kuhitimu ualimu sikupigwa, nilisimama na joho langu nikawapiga wenzangu. Mwaka huu akasema imetosha, amezeeka, anataka kukaa ukutani na mwanawe. Ndiyo maana alikwambia nikae kulia kwake.

Sitasema nimekusamehe, kwa sababu sijui bado, na sipendi kuandika nisichokijua. Lakini Mama anataka picha na mimi naitaka. Njoo Jumamosi ya tarehe 5 Oktoba, atakuwa hapa kwangu. Mwavuli uweke upande unaoujua wewe, na uje na mtu wa kuushika. Lusia naye atakuja tukae watatu, nimeshamwambia.

Sasa na mimi nikueleze la kwangu. Uliposema "yupo hapa hapa," Baba alinyoosha mkono kulia akaushika mkono wa Lusia. Uko hivyo kwenye picha, ukiangalia. Niliona yote kutoka pale kwenye mwavuli. Lusia mwenyewe alishangaa, maana Baba hakuwa mtu wa kushikana mikono na watoto. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Baba, mimi niko huku." Sikusema.

Siku mbili kabla hajafariki nilikaa naye hospitalini. Akauliza kama picha zimetoka, nikasema bado. Akauliza kama nilikaa vizuri, nikasema nilikaa vizuri sana, Baba, na ulinishika mkono. Akatabasamu. Kisha akavichukua vidole vyangu, akavipapasa kimoja kimoja, muda mrefu, mimi sijaolewa wala sivai chochote. Akasema, "Mkono ule ulikuwa na pete."

Nikamwambia niliiazima kwa Lusia kwa ajili ya sherehe.

Akasema, "Haya, mama." Hakuniuliza tena habari za picha mpaka anakufa, na mkono wangu hakuuachia.

Elieth Ngassa